MECC: Kampuni ya Michezo ya Kufundishia Iliyopanda Bei Huku Ikiporomoka

Katika historia nzima ya michezo ya kompyuta ya kufundishia sijaona taasisi iliyostahili kudumu kuliko MECC (Minnesota Educational Computing Consortium) ya jimbo la Minnesota, Marekani, wala sijaona iliyosambaratishwa kwa uzembe mkubwa kuliko hiyo. Iliundwa na serikali ya jimbo mwaka 1973 ili wanafunzi wa shule za umma wapate kutumia kompyuta. Ikauzwa kwa wawekezaji binafsi mwaka 1991 kwa dola milioni 5.25, ikanunuliwa tena mwaka 1996 kwa hisa zenye thamani ya takriban dola milioni 370, na kabla mwaka 1999 haujaisha ofisi zake zilikuwa zimefungwa. Anayezitazama tarakimu hizo peke yake anaweza kudhani kwamba kampuni hiyo ilikuwa ikistawi hadi siku iliyokufa. Mimi nafundisha hisabati, na nimetumia muda mwingi kutafuta programu zinazowafaa wanafunzi wangu, hivyo naisoma habari hiyo kwa namna nyingine: bei yake ilipanda katika miaka ileile ambayo kila kilichoipa thamani kilikuwa kikiondolewa kimoja baada ya kingine.

Mchezo wake mashuhuri, The Oregon Trail, ni wa zamani kuliko taasisi yenyewe. Mwaka 1971 vijana watatu wa Chuo cha Carleton, Don Rawitsch, Bill Heinemann na Paul Dillenberger, walikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule za jiji la Minneapolis. Rawitsch alipangiwa somo la historia, naye alitaka wanafunzi wake wa darasa la nane waelewe safari za walowezi wa karne ya 19 waliotoka Missouri hadi Oregon kwa magari ya kukokotwa na maksai. Alikuwa ameanza kuchora ramani kwa ajili ya mchezo wa mezani, ndipo wenzake, waliokuwa wakifundisha hisabati na kujua kuandika programu, wakamwambia kwamba jambo hilo lingefaa zaidi kwenye kompyuta. Kazi yote iliwachukua takriban wiki mbili.

Hapakuwa na skrini. Shuleni kulikuwa na mashine ya taipu iliyounganishwa kwa waya wa simu na kompyuta iliyokuwa mbali, na kila jibu la kompyuta lilichapwa kwenye karatasi, mstari kwa mstari. Mwanafunzi aliyetaka kuwinda alipaswa kuandika neno BANG upesi na bila kukosea herufi, na kompyuta ilipima muda aliotumia ili kuamua kama amepata nyama au amekosa. Kwa kuwa mashine ilikuwa moja na watoto walikuwa wengi, waligawana kazi: mwenye vidole vyepesi alikaa kwenye taipu, mwingine akafuatilia ramani, mwingine akashika hesabu ya fedha, na wote wakajadiliana kabla ya kila uamuzi. Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu siku hizi wauzaji wa vifaa hutuambia walimu kwamba somo la kompyuta haliwezekani mpaka kila mtoto awe na kifaa chake. Mchezo wa kufundishia uliopendwa kuliko yote nchini Marekani ulianza kwa mashine moja iliyozungukwa na darasa zima, na majadiliano yale ya watoto yalikuwa sehemu ya somo.

Muhula ulipokwisha, Rawitsch alichapa programu nzima kwenye karatasi, kisha ikafutwa kwenye kompyuta. Mwaka 1974 aliajiriwa na MECC, akazitoa karatasi zile na kuiingiza upya programu kwa mkono. Hakuishia hapo. Alizirudia shajara zilizoandikwa na wasafiri wenyewe, akaangalia ni mara ngapi walikumbwa na mvua kubwa, maradhi, ajali au kukosa maji, na katika sehemu gani za njia, halafu akarekebisha uwezekano wa kila tukio katika mchezo ili ulingane na maandishi hayo. Kwa mwalimu wa hisabati hii ni kazi ya kuheshimiwa sana: mtoto aliyeucheza mara kadhaa alianza kuhisi maana ya uwezekano kabla hajafundishwa kanuni yake, na alichohisi kilitokana na kumbukumbu za watu halisi.

MECC yenyewe ilikuwa muungano wa Chuo Kikuu cha Minnesota, vyuo vingine vya umma vya jimbo na idara ya elimu. Minnesota wakati huo ilikuwa na viwanda vikubwa vya kompyuta, vikiwamo vya Control Data na Honeywell, kwa hiyo viongozi wake waliiona teknolojia hiyo kuwa jambo la nyumbani, nao waliamua kwamba shule ya kijijini isipitwe na shule ya mjini. Mwanzoni shule zilitumia kompyuta kubwa moja kwa kuunganishwa na laini za simu. Mwaka 1978 MECC ilitangaza zabuni ya kompyuta ndogo, ikaichagua Apple II, ikaanza na mashine 500, na baada ya muda ikawa miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa kompyuta hizo. Steve Jobs mwenyewe, mmoja wa waanzilishi wa Apple, alikiri mwaka 1995 kwamba ununuzi wa shule ulikuwa mojawapo ya mambo yaliyoijenga Apple II. Ni mara chache uamuzi wa zabuni wa serikali ya jimbo umeathiri historia ya kampuni kubwa kiasi hicho, na ninashangaa kwamba husimuliwa kwa nadra sana.

Utaratibu wake wa biashara ulikuwa rahisi na, kwa maoni yangu, ndio uliokuwa moyo wake. Wilaya ya elimu ililipa ada ya uanachama ya mwaka, na kwa ada hiyo ilipata haki ya kunakili disketi za MECC kadiri shule zake zilivyohitaji. Hapakuwa na sababu ya kumfukuza mwalimu aliyenakili programu, kwa kuwa kunakili ndiko kulikokuwa makubaliano. Pamoja na disketi zilikuja vitabu vya mwongozo vyenye maandalio ya somo, na wataalamu wa MECC walizunguka jimboni wakiwafundisha walimu namna ya kuzitumia. Mchezo wa Lemonade Stand, uliotungwa na Bob Jamison, ulimfanya mtoto awe muuzaji wa juisi ya ndimu: kila siku aliangalia hali ya hewa, akaamua atengeneze glasi ngapi, aweke matangazo mangapi na auze kwa bei gani, kisha akaona faida au hasara yake. Odell Lake ulimfanya awe samaki ziwani, achague kukimbia, kula au kupuuza kila kiumbe alichokutana nacho, na kwa njia hiyo ajifunze nani humla nani. Number Munchers, uliotoka mwaka 1986, ulimtaka azile namba tasa au vigawe vya namba fulani kabla hajanaswa na mazimwi. Picha zilikuwa duni hata kwa viwango vya wakati huo, ila kila mchezo ulibeba wazo moja la somo, na mtoto hakuweza kushinda bila kulielewa.

Mwaka 1985 timu iliyoongozwa na R. Philip Bouchard iliijenga upya The Oregon Trail kwa ajili ya Apple II, na toleo hilo ndilo lililokumbukwa na kizazi kizima. Nimelicheza toleo lake la baadaye, la mwaka 1990, ambalo linapatikana katika maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive, na ninakiri kwamba nilikaa nalo muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Safari inaanza Independence, Missouri, mwaka 1848. Mchezaji anachagua awe mwenye benki kutoka Boston, seremala kutoka Ohio, au mkulima kutoka Illinois. Mwenye benki anaanza na dola 1,600, seremala dola 800, mkulima dola 400 tu. Kisha ananunua maksai, chakula, nguo, risasi na vipuri, anachagua mwezi wa kuondoka, mwendo wa gari na kiasi cha chakula cha kila siku, akijua kwamba akitoka mapema mno majani ya kulisha mifugo hayatakuwa yameota, na akichelewa atakutwa na theluji milimani. Kwenye mito lazima aamue kuvuka kwa miguu, kuelea na gari, au kulipia kivuko. Kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu huwaua wenzake, ambao kwa kawaida mtoto huwa amewapa majina ya rafiki zake, na safari ikiishia kwa kifo, mtoto huandika mwenyewe maneno ya kaburini.

Jambo lililonivutia kuliko yote liko mwishoni, katika hesabu ya alama. Seremala aliyefika salama alama zake huzidishwa mara mbili, na mkulima mara tatu. Bouchard na wenzake hawakuandika popote kwamba maskini husafiri kwa taabu kuliko tajiri, wala hawakumwekea mtoto swali la kuchagua jibu kuhusu jambo hilo. Waliliweka ndani ya kanuni za mchezo, na mtoto aligundua mwenyewe kwamba njia ileile ni rahisi kwa mwenye fedha na ni ngumu kwa asiyenazo, na kwamba kufika ukiwa na kidogo ni ushindi mkubwa zaidi. Walimu wa uraia wanaweza kutumia vipindi vingi bila kufikia hapo.

Si kwamba mchezo haukuwa na kasoro. Historia iliyosimuliwa ni ya walowezi, na wenyeji wa asili wa nchi ile, ambao ardhi yao ndiyo iliyokuwa ikipitwa na kuchukuliwa, wanaonekana pembeni tu, kama watu wa kufanya nao biashara au kutoa msaada mtoni. Mtoto anaweza kufika Oregon mara nyingi bila kuuliza nani alikuwa akiishi hapo kabla yake. Ni upungufu mkubwa, hasa kwa sisi ambao historia ya walowezi na ardhi tunaijua kutoka upande mwingine. Toleo la mwaka 2021 la Gameloft lilishauriana na wanahistoria wa jamii hizo na kuwapa nafasi ya kuwa wahusika wakuu, miaka 50 baada ya toleo la kwanza.

Mabadiliko yalianza polepole. Katika miaka ya 1980 jimbo lilipunguza fedha lilizoitengea MECC na kuigeuza kuwa shirika la umma linalojiendesha kwa mapato yake, likiuza programu kwa majimbo mengine na nje ya nchi. Hilo peke yake halikuwa kosa, kwa maana wateja walibaki kuwa shule, na utaratibu wa uanachama uliendelea. Uamuzi mzito ulikuja mwaka 1991, jimbo lilipoiuza kwa mfuko wa uwekezaji kwa zile dola milioni 5.25. Mwaka 1994 hisa zake zikaingia sokoni. Mtu anaweza kutetea mauzo hayo kwa kusema kwamba si kazi ya serikali kushindana na wafanyabiashara wa programu, na hoja hiyo ina uzito wake. Lakini walipa kodi wa Minnesota walikuwa wamegharimia miaka 18 ya utafiti, ya majaribio darasani na ya kuwafundisha walimu, na kilichouzwa kwa bei hiyo ndani ya miaka mitano kilithaminiwa mara sabini zaidi. Sioni kanuni ya uwekezaji wala ya utawala bora inayoweza kuhalalisha pengo la namna hiyo.

Wakati huohuo mteja alikuwa anabadilika. Kompyuta ziliingia majumbani, CD ikachukua nafasi ya disketi, na fedha nyingi zaidi zikawa kwa mzazi anayenunua sanduku dukani kuliko kwa wilaya inayolipa ada. MECC ilifanya vizuri kwa muda: Oregon Trail II ya mwaka 1995 ilikuwa na picha na sauti ambazo toleo la Apple II lisingeweza kuziota. Hata hivyo mzazi dukani hanunui kama mwalimu anavyonunua. Mwalimu huuliza kama programu inalingana na mtaala na kama itamsaidia mtoto anayesuasua, naye huijua baada ya kuitumia mwaka mzima. Mzazi hutazama jalada, jina analolikumbuka na bei, kisha hafahamu kama mtoto amejifunza kitu. Soko la aina hiyo humzawadia mwenye jina maarufu na nafasi kubwa rafuni, na nafasi rafuni hununuliwa kwa fedha.

Aliyelielewa hilo mapema kuliko wote alikuwa SoftKey, kampuni iliyoanzia Toronto, iliyoendeshwa na Michael Perik na Kevin O'Leary, na iliyojulikana kwa kuuza CD za bei nafuu madukani. Mwishoni mwa mwaka 1995 ilitumia dola milioni 606 kuinunua The Learning Company ya California, ikiipokonya Broderbund, kampuni nyingine ya programu iliyokuwa imekubaliana kuungana nayo. Inafaa nisimame kidogo kwa The Learning Company, maana nayo ilikuwa na asili njema. Ilianzishwa mwaka 1980 na Ann McCormick, Leslie Grimm, Teri Perl na Warren Robinett, huyu wa mwisho akitokea Atari, kampuni ya michezo ya video. Mchezo wao Rocky's Boots wa mwaka 1982, ulioandikwa na Robinett na Grimm, ulimwezesha mtoto wa shule ya msingi kujenga saketi za mantiki kwa kuunganisha vipande kwenye skrini, na sijaona mpaka leo njia nzuri zaidi ya kulifundisha somo hilo kwa umri ule. Reader Rabbit, uliofundisha kusoma, ulipata wapenzi wengi zaidi. Miezi michache baada ya ununuzi huo SoftKey iliichukua na MECC, kisha ikajibadilisha jina na kujiita The Learning Company. Mwaka 1998 ikainunua na Broderbund yenyewe, yenye mchezo wa jiografia wa Carmen Sandiego.

Kwa hiyo ndani ya miaka mitatu karibu majina yote makubwa ya michezo ya kufundishia ya Marekani yalikuwa chini ya mwenye mali mmoja. Mwenye mali huyo alikuwa hodari wa kununua, kupunguza gharama na kushusha bei. Wafanyakazi walipunguzwa kila kampuni ilipomezwa, na fedha za kubuni michezo mipya zikakatwa, kwa sababu ilikuwa nafuu kutoa toleo jingine la jina linalojulikana kuliko kuwalipa walimu na waandishi wa programu wakae pamoja miaka miwili juu ya wazo ambalo halijajaribiwa. Bei zilipozoeleka kuwa chini, hata aliyetaka kutengeneza kitu bora hakuweza kurudisha gharama zake. Kampuni iliyokuwa kubwa kwa mauzo ilibaki na watu wachache sana wa aina ya Rawitsch na Bouchard, na vitabu vya mahesabu havina safu ya kuonyesha upungufu huo.

Mattel, watengenezaji wa wanasesere wa Barbie, hawakuuona. Mwezi Mei 1999 walikamilisha ununuzi wa The Learning Company kwa takriban dola bilioni 3.5, wakitarajia faida ya makumi ya mamilioni kila robo mwaka. Katika robo ya tatu ya mwaka huohuo walipata hasara ya zaidi ya dola milioni 100 kutoka kitengo hicho, hisa zao zikaporomoka, na mwezi Februari 2000 mtendaji mkuu, Jill Barad, akajiuzulu. Ofisi za MECC zilizokuwa Brooklyn Center, Minnesota, zilifungwa mwezi Oktoba 1999. Mwaka uliofuata Mattel iliikabidhi The Learning Company kwa kampuni ya Gores bila kupokea fedha taslimu, ikiahidiwa tu sehemu ya faida ya baadaye. Gores iliigawa: mwaka 2001 michezo ya burudani ilikwenda Ubisoft, na ya elimu ikaenda Riverdeep ya Ireland, ambayo mwaka 2006 iliungana na wachapishaji wa vitabu Houghton Mifflin. Miungano hiyo iliyojengwa kwa madeni iliifikisha kampuni mahakamani kuomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2012. Kufikia hapo michezo ya MECC ilikuwa mstari mmoja katika orodha ndefu ya hakimiliki.

Maelezo ninayoyasikia mara nyingi ni kwamba intaneti ndiyo iliyoiua michezo hii, kwa kuwa watoto walipata vya bure mtandaoni. Intaneti ilichangia, tena sana, lakini tarehe hazikubaliani na maelezo hayo yakiachwa peke yake. Ofisi ya Minnesota ilifungwa wakati nyumba nyingi za Marekani bado zilitumia intaneti ya laini ya simu, ambayo isingeweza kupakua CD moja kwa usiku mzima. Kilichofungwa siku ile kilikuwa kimeacha muda mrefu kuwa shirika linalokwenda darasani, na kampuni iliyoachana na walimu haikuwa na mahali pa kukimbilia soko la madukani lilipovurugika. Laiti uanachama wa shule ungeendelezwa, ada ileile ya mwaka ingehamia mtandaoni kwa urahisi, kwa kuwa ndio utaratibu ambao kampuni za programu za elimu zinautumia leo.

Suala la nani ni mwenye programu linatuhusu moja kwa moja hapa Tanzania. Mwaka 2019 lilihitimishwa shindano la Global Learning XPRIZE, ambalo kwa miezi 15 liliwapa watoto wapatao 2,700 katika vijiji takriban 170 vya mkoa wa Tanga tableti zenye programu za kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Washindi wawili, onebillion na Kitkit School, waligawana dola milioni 10, na masharti yaliwataka washindani wote watano wa fainali waziweke programu zao mtandaoni kwa leseni huria, ili yeyote azichukue, azibadilishe na azisambaze. Hakuna mnunuzi anayeweza kuzifungia kabatini jinsi kazi ya MECC ilivyofungiwa. Ila msimbo ulio huru ni nusu tu ya kile ambacho Minnesota ilikuwa nacho. Nusu ya pili ilikuwa mwongozo wa mwalimu kwa kila programu na wataalamu waliofika shuleni kuwafundisha walimu. Ningependa Taasisi ya Elimu Tanzania na vyuo vyetu vya ualimu vizichukue programu hizo za Tanga, viziandikie maandalio ya vipindi kwa mujibu wa mtaala wetu, na viwape walimu wanafunzi nafasi ya kuzirekebisha wakiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, kwa kuwa leseni inaruhusu kazi hiyo ianze sasa bila kumwomba mtu yeyote ruhusa.